Kompyuta ya sinema nyumbani: Nguvu ya prosesa si hoja ya kwanza

WANUNUZI wengi wa vipuri vya kujiundia kompyuta ya sinema huanza kwa kuulizia prosesa yenye nguvu na kadi ya picha ya michezo. Chenji inayobaki ndiyo hununuliwa kasha, feni na pawa saplai.

Kwa kompyuta itakayokaa sebuleni chini ya runinga, mpango huo umepinduliwa miguu juu, na hasara yake huonekana fedha zikiwa zimekwisha kulipwa.

Filamu yoyote huhifadhiwa ikiwa imebanwa kwa kanuni maalumu, na kazi kubwa ya kompyuta hiyo ni kuifungua. Kanuni ya H.264 ilitoka mwaka 2003, HEVC ikafuata mwaka 2013 na AV1 mwaka 2018.

Prosesa yenye saketi ya kufungulia kanuni husika huifanya kazi hiyo kana kwamba imelala. Isiyo nayo hulazimika kupiga hesabu zote yenyewe. Hupata joto, feni huvuma na picha hukwamakwama.

Ndiyo maana Intel N100, prosesa ndogo ya mwaka 2023 iliyokadiriwa wati 6 tu, huonyesha filamu ya 4K ya AV1 bila taabu, ilhali Core i7 ya mwaka 2013, iliyokuwa ghali enzi zake, hutaabika mbele ya HEVC ya 4K yenye biti 10.

Kwa anayetafuta kompyuta iliyokwishatumika, kama zile ziingizwazo nchini kutoka Ulaya, mpaka wa kuukumbuka ni kizazi cha saba cha Intel Core. Kizazi cha sita hufungua HEVC ya biti 8 pekee; cha saba hufungua na ya biti 10. AV1 ilisubiri hadi kizazi cha 11.

Jambo jingine ni herufi F mwishoni mwa jina la prosesa ya Intel. Hiyo haina sehemu ya picha ndani yake, hivyo mnunuzi atalazimika kununua kadi ambayo hakuipangia fedha.

Kizazi cha saba, kwa sehemu kubwa, hakikubaliwi rasmi na Windows 11, nayo Windows 10 ilifikia ukomo wa huduma Oktoba 2025. Hilo si kikwazo. LibreELEC, mfumo wa bure uliojengwa juu ya Linux, huwaka na kuingia moja kwa moja katika Kodi, programu ya kupanga na kuonyesha filamu.

Hata hivyo, anayetazama Netflix tu hana sababu ya kujisumbua, kwani kifaa kidogo cha kuchomeka kwenye runinga kitamfaa zaidi. Kompyuta hii ni ya mwenye maktaba yake ya filamu, muziki na picha za familia.

Tundu la HDMI nalo lina siri yake. HDMI 1.4 hupitisha picha za 4K 30 tu kwa sekunde, na 2.0 hupitisha 60. Filamu nyingi huhitaji 24, kwa hiyo tundu la zamani hutosha. Mpenzi wa soka ndiye atakayeona mpira ukirukaruka. Mazabodi nyingi za kizazi cha saba zina 1.4, lakini zenye DisplayPort 1.2 huweza kutoa picha 60 kupitia kigeuzi maalumu.

Katika joto la Dar es Salaam, kasha lisilo na feni kabisa, likifungiwa kabatini, ni kujitafutia balaa. Feni moja ya milimita 120 inayozunguka polepole huleta ukimya zaidi ya mbili ndogo zinazopiga mbio, na chujio la vumbi lioshwe mara kwa mara. Mfumo uwekwe kwenye SSD, ambayo haina kinachozunguka ndani.

Pawa saplai ndipo pasipofaa kubana matumizi. Kompyuta isiyo na kadi ya michezo mara nyingi huhitaji chini ya wati 100. Ya wati 300 iliyotengenezwa vizuri ni bora kuliko nyepesi mkononi iliyoandikwa 600. Umeme unapokatika na kurudi kwa kishindo, UPS ndogo huiokoa pamoja na diski yenye filamu za miaka mingi.

Kabla ya kulipa, mnunuzi aende dukani na flashi yenye vipande viwili vya video ya 4K, kimoja cha HEVC ya biti 10 na kingine cha AV1, aombe vionyeshwe huku kipimo cha kazi ya prosesa kikiwa wazi. Kipimo kikipanda na kubaki karibu na asilimia 100, ama saketi haimo, ama dreva haijawekwa, na muuzaji ana wajibu wa kuonyesha ni lipi kati ya hayo.