Kikombe Pacha cha Mbaraki

Vikombe viwili vilijazwa chai ile ile. Majani yalitoka gunia moja, yakapimwa kwa mizani moja, yakamiminiwa maji ya birika moja na kuachwa yaive kwa dakika zile zile. Kikombe kimoja kiliwekwa nafasi ya tatu kwenye meza ndefu, cha pili nafasi ya kumi na tisa. Mwonjaji hakujua. Msaidizi wake alikuwa amelaza vijikaratasi vyote vya majina kifudifudi, kisha akatoka nje na siri yake. Kikombe cha tatu mwonjaji alikikadiria senti 248 za dola kwa kilo. Cha kumi na tisa akakipa 231.

Senti 17 zaonekana si kitu. Lakini chai huuzwa mnadani kwa loti, na loti ya magunia 40 ya kilo 65 kila moja ingepoteza dola 442 kwa tofauti hiyo, yaani zaidi ya Sh55,000, eti kwa sababu kikombe kimekaa mbali na pacha wake. Mkulima aliyeyachuma majani hayo alfajiri, umande ukimlowesha hadi kiunoni, hana habari kuwa kuna kikombe cha tatu wala cha kumi na tisa.

Nilikuwa nimekwenda Mbaraki kufuatilia malalamiko ya wakazi kuhusu malori ya bandarini. Mtaa huu, ulio kati ya barabara ya Nyerere inayoteremka kwenda feri ya Likoni na maji ya Kilindini, wengi wetu tunaujua kwa gati lake na kwa ule mnara wa kale wa matumbawe ulio kando ya msikiti. Malori yale sikuyaandika. Nilikaribishwa kwenye chumba cha kuonjea chai ili nipate kivuli, nikaona daftari, na tangu siku hiyo sijaweza kulitoa akilini.

Mwenye daftari ni mzee wa Mombasa aliyeonja chai takriban maisha yake yote ya kazi. Ameomba nisimtaje jina wala kampuni yake, kwa kuwa biashara ya mnada ni ya watu wanaojuana. Hapa nitamwita Mzee tu, kama anavyoitwa na vijana anaowafunza.

Kazi yake ina utaratibu mkali. Kila sampuli hupimwa gramu 2.8 kwa mililita 140 za maji yanayotokota. Kipimo hicho Waingereza walikirithi kutoka kwa waonjaji wa zamani, waliokuwa wakiweka sarafu ya peni sita upande wa pili wa mizani. Majani huingia kwenye kibuyu kidogo cha kauri chenye mdomo wa meno, hufunikwa, na saa huanza kuhesabu. Baada ya dakika tano hadi sita kibuyu hulazwa juu ya bakuli, chai ikachuruzika kupitia yale meno, majani yakabaki. Kisha kibuyu hupinduliwa, na majani yaliyoiva yakakaa juu ya kifuniko, yakitoa mvuke. Sasa kila sampuli ina sehemu tatu mbele ya Mzee: majani makavu kwenye kibati, majani yaliyoiva kwenye kifuniko, na chai yenyewe bakulini.

Huanza kwa macho. Majani yaliyoiva yakiwa na rangi ya shaba mpya, hutikisa kichwa kwa kuridhika. Yakiwa na ukijani, huyanusa na kupita. Halafu hutia kijiko, akaivuta chai kwa mlio mkali unaomshtua mgeni, maana inatakiwa isambae kinywani na kupanda hadi puani kwa mpigo mmoja. Huitema kwenye chombo kirefu chenye magurudumu anachokisukuma kwa goti huku akitembea, na kabla hujapepesa jicho ameshataja namba. Msaidizi huandika. Kikombe kimoja hakimchukui muda wa mtu kusema bismillahi na kumaliza, na kwa siku huonja mamia.

"Ulimi wangu u mzima, alhamdulillahi," aliniambia. "Lakini hauonji kikombe kimoja peke yake. Kila kikombe unakilinganisha na kilichotangulia. Nikitoka kwenye chai iliyochoka, hii ya kawaida naiona bibi harusi. Nikitoka kwenye chai kali ya mlimani, hii hii naiona maji ya kuoshea."

Alianza mchezo wa pacha baada ya kubishana na mwenzake juu ya loti moja, kila mmoja akiapa kwamba mwenziwe amekosea. Alimwomba msaidizi awe anaficha sampuli moja mara mbili mezani, siku asizozijua yeye, na matokeo yaandikwe. Daftari lenyewe ni la jalada gumu, limechorwa safu kwa kalamu nyekundu: tarehe, nafasi ya kwanza, namba ya kwanza, nafasi ya pili, namba ya pili, tofauti. Pembeni pana safu nyembamba ya maneno mawili matatu. "Mafua." "Baada ya chakula." "Simu ya nyumbani." Ukurasa mmoja umeandikwa "nilikuwa na haraka", na tofauti ya siku hiyo ni kubwa kuliko zote za juu na chini yake.

Nilitarajia aniambie kwamba pacha walimfunza kuwa makini zaidi. Akanionyesha jambo jingine kabisa.

Katika kurasa za katikati kuna siku ambazo karatasi za majina hazikulazwa. Siku hizo Mzee alijua kila kikombe kimetoka kiwanda gani, na kwa kuwa anajua kiwanda, anajua kiliuza kwa bei gani Jumanne ya mnada wiki iliyopita. Pacha walifichwa vilevile, ila chini ya jina la kiwanda kimoja. Na siku hizo pacha hufanana. Tofauti ya senti 17 inakuwa senti mbili, tatu, mara nyingine sufuri.

"Tazama hapa," alisema, akiweka kidole kwenye sufuri. "Mtu akiona ukurasa huu atasema, huyu ni fundi, hakosei. Na akiona ule wa karatasi zilizolazwa atasema nimezeeka. Kumbe siku ya ufundi sikuwa naonja. Nilikuwa nakumbuka bei ya Jumanne, nikaongeza kidogo, nikapunguza kidogo."

Haya ndiyo yaliyonikaa rohoni. Tumezoea kudhani kwamba mtu mwenye maoni yasiyoyumba ndiye anayejua. Lile daftari linasema kwamba msimamo unaweza kuwa dalili ya kutoonja kabisa.

Wanasaikolojia wamelitazama jambo hili, la namba iliyotangulia kuivuta inayofuata, kwa muda mrefu. Mwaka 1974 Amos Tversky na Daniel Kahneman walieleza jaribio lao la gurudumu la bahati nasibu. Gurudumu lilitengenezwa lisimame kwenye 10 au 65 tu. Walioliona likisimama waliulizwa ni asilimia ngapi ya nchi za Umoja wa Mataifa zilizo za Kiafrika. Waliopata 10 walikisia, kwa wastani wa kati, asilimia 25. Waliopata 65 wakakisia 45. Namba ya gurudumu haikuwa na uhusiano wowote na swali, lakini ilizamisha nanga, na fikra zikazungukia hapohapo. Kahneman alipewa Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2002, wakati mwenzake alikuwa ameshafariki.

Na mchezo wa Mzee una ndugu yake ng'ambo. Robert Hodgson, profesa mstaafu wa Marekani mwenye kiwanda kidogo cha mvinyo, alichoka kuona mvinyo wake ukishinda shindano moja na kutupwa katika jingine. Aliwashawishi waandaaji wa maonyesho ya jimbo la California wawape majaji mvinyo wa chupa moja mara tatu bila kuwaambia. Matokeo aliyoyachapisha mwaka 2008 yalionyesha kuwa takriban jaji mmoja tu kati ya kumi ndiye aliyeweza kutoa uamuzi unaokaribiana mara zote tatu. Nilipomsimulia Mzee, ambaye mvinyo haujagusa kinywa chake, aliuliza swali moja tu: "Na waliambiwa majina?" Hawakuambiwa. "Wangeambiwa," akasema, "wangepata kumi kwa kumi."

Mnada wa Mombasa, unaouza chai ya Kenya pamoja na ya Uganda, Rwanda, Tanzania na majirani wengine, una namba zake za kuzamisha nanga. Julai 2021 serikali iliweka bei ya chini ya dola 2.43 kwa kilo kwa chai ya viwanda vya wakulima wadogo vinavyosimamiwa na shirika la KTDA. Nia ilikuwa njema, mkulima asipunjwe. Bei hiyo baadaye iliondolewa, lakini Mzee anakumbuka ilivyofanya kazi chumbani mwake. "Namba ikishatangazwa, kila kikombe unakiuliza, wewe umefika 2.43 au hujafika? Chai nzuri sana na chai nzuri kidogo zikawa jirani. Mnunuzi akasema, kama zote bei moja, nipe ya upande wa mlimani. Ya magharibi ikalala ghalani."

Hapo ndipo mambo yanapouma. Chai ya mashariki ya Bonde la Ufa, kuanzia Kiambu na Murang'a hadi Kirinyaga, Embu na Meru, ambayo Mzee anaiita ya mlimani, kwa kawaida huuzwa ghali kuliko ya Kericho, Bomet, Kisii na Nyamira. Wakulima wa magharibi wamelalamika hadharani mwaka baada ya mwaka kila bonasi inapotangazwa, na mwaka 2025 kelele zilikuwa kubwa. Wanauliza, je, chai yetu ni mbaya kweli, au ni jina? Wataalamu huwajibu kwa udongo, mwinuko, na uchumaji wa majani mawili na chipukizi. Majibu hayo yana ukweli. Ila hayaoneshi ni senti ngapi za pengo lile zinatokana na kikombe, na ni ngapi zinatokana na karatasi iliyolala mbele ya kikombe.

Nilimwuliza Mzee kama amewahi kuipa chai ya magharibi namba kubwa bila kujua. Alinyamaza, akafungua ukurasa. Siku hiyo karatasi zililazwa, akaikadiria sampuli moja juu kuliko jirani zake wa mlimani. Karatasi ikageuzwa, kiwanda kikaonekana. Alipopeleka makadirio yake, aliandika bei ya chini.

"Kwa nini?" nikamwuliza. Nadhani sauti yangu ilipanda.

"Kwa sababu siulizwi hii chai ni tamu kiasi gani, mwanangu. Naulizwa itauzwa bei gani. Mnunuzi naye ana karatasi. Naye anajua bei ya Jumanne. Nikiandika ile niliyoionja, loti haitauzwa, itarudi wiki ijayo ikiwa imezeeka. Mkulima atapata hasara mara mbili."

Basi hata mtu anayeijua hila hii kwa mkono wake mwenyewe, aliyeiandika kwa kalamu nyekundu miaka yote hiyo, analazimika kuifuata, kwa kuwa kazi yake ni kukisia watakachokisia wenzake. Bei ya wiki iliyopita inaizaa ya wiki hii, na ya wiki hii inakuwa ushahidi kwamba ile ya kwanza ilikuwa sawa. Sioni ni nani hasa wa kulaumiwa mezani pale, na hilo linanikera kuliko kama ningempata mwizi.

Nilipendekeza majina yafichwe hata kwa wanunuzi. Mzee hakulikataa wazo, lakini hakulipokea. Alisema mnunuzi wa Karachi au Cairo anachanganya chai ya kiwanda fulani kila mwezi, na kikombe kimoja hakimwambii kama ya mwezi ujao itafanana na hii. Jina ni historia, na historia ina thamani yake. Thamani hiyo inaishia wapi na mazoea yanaanzia wapi, daftari lake halisemi, maana linapima ulimi wa mtu mmoja. Mtu wa kupima ndimi za mnada mzima bado sijamsikia.

Mwisho nikamwuliza, mkulima wa Bomet akija hapa Mbaraki, akae kwenye kiti hiki, atamwambia nini?

"Nitamwambia achume majani mawili na chipukizi, ayafikishe kiwandani mapema, asiyashindilie kwenye gunia," alijibu haraka, kama mtu aliyekwisha kulisema mara nyingi. Halafu akafunga daftari. "Na akiniambia ndivyo alivyofanya miaka yote, basi hapo sina la kumwambia."