Sekunde Moja, Mita 463

Dunia hujizungusha nyuzi 360 kwa saa 24, yaani nyuzi 15 kila saa. Mji wa Unguja uko karibu nyuzi 39 mashariki ya Greenwich, kwa hiyo jua hufika kilele chake hapo takriban saa 2 na dakika 37 kabla ya kufika kilele kule Uingereza. Sasa igeuze hesabu hiyo. Nahodha aliye katikati ya Bahari ya Hindi akipima kimo cha jua au nyota kwa sekstanti, na papo hapo akajua Greenwich ni saa ngapi, anaweza kukokotoa amefika wapi mashariki au magharibi. Latitudo haina masharti hayo. Manahodha wa zamani wa bahari hii waliipata kwa kimo cha nyota ya kaskazini, bila saa yoyote. Longitudo ndiyo inayodai saa, tena saa ya kweli. Kwa sababu ya mzunguko huo, mtu aliyesimama kwenye ikweta hubebwa karibu mita 463 kila sekunde. Saa ya meli ikikosea sekunde 4, ramani itakuonyesha maili moja ya baharini mbali na ulipo. Ikikosea dakika nzima, ni karibu kilomita 28, na katika kilomita 28 miamba haikosekani.

Saa ya kuhimili bahari ilipatikana pale Mwingereza John Harrison alipokamilisha ile inayoitwa H4, iliyojaribiwa katika safari ya Jamaika iliyoanza mwaka 1761. Kizazi cha saa hiyo ndicho kronometa. Kuna jambo la kronometa linalowashangaza watu wa nchi kavu: ikiwa safarini, hairekebishwi. Hulazwa ndani ya sanduku la mbao, juu ya pete za shaba zinazoiacha itulie hata meli ikiyumba. Hutiwa ufunguo kila siku wakati ule ule, na mishale yake haiguswi. Afisa huandika daftarini tu kwamba leo imetangulia au imechelewa kiasi gani, na kosa hilo huongezeka kiasi gani kwa siku. Kronometa inayokosea kiasi kile kile kila siku ni bora kuliko ile inayopatia leo na kuyumba kesho. Tatizo ni kwamba kosa la saa hulijui mpaka uwe na saa nyingine ya kuilinganisha nayo.

Bandarini, saa hiyo nyingine ilikuwa mpira. Tangu 1833 chuo cha unajimu cha Greenwich kilipandisha mpira mkubwa kwenye mlingoti juu ya paa: nusu ya mlingoti saa 7 kasoro dakika 5 mchana, kileleni zikibaki dakika 2, na saa 7 kamili ukaachiwa ushuke. Mabaharia kwenye mto Thames waliutazama kwa darubini, na bandari nyingine zikaiga. Lakini meli ikishatoka, mpira hauonekani tena. Kronometa ikibadilisha mwendo kwa sekunde 2 tu kwa siku, baada ya mwezi imekudanganya dakika nzima, na hapakuwa na wa kukuambia.

Redio ndiyo iliyoziba pengo hilo. Jeshi la Wanamaji la Marekani lilianza majaribio mwaka 1904. Ufaransa ilikuwa na hazina yake: Mnara wa Eiffel, uliojengwa 1889 kwa kibali cha miaka 20, ambao ulikuwa karibu kubomolewa. Afisa wa jeshi Gustave Ferrié alifunga antena juu yake, na kuanzia tarehe 23 Mei 1910 mnara ukawa unatangaza majira yaliyotoka katika chuo cha unajimu cha Paris, yakasikika na meli zilizokuwa mbali katika Atlantiki. Wakati huo saa ya Paris ilikuwa mbele ya Greenwich kwa dakika 9 na sekunde 21. Sheria ya Machi 1911 ikaamuru kwamba saa ya Ufaransa ni saa ya Paris iliyocheleweshwa kwa dakika 9 na sekunde 21. Jina la Greenwich halikutajwa kabisa! Mwaka 1912 mkutano wa kimataifa uliofanyika Paris ulianza kuunganisha majira ya vituo vya nchi mbalimbali, kwa kuwa milio isiyokubaliana haimwongozi mtu.

Ufundi ninaoupenda zaidi katika historia hii ni ule wa vituo vya redio kupiga milio 61 ndani ya sekunde 60. Mtu aliweka sikio kwenye redio na kwenye kronometa kwa pamoja. Ilikuwa kama kusikiliza wapiga ngoma wawili, mmoja akiwa na mwendo wa kasi kidogo: milio ya redio iliisogelea tiki ya saa polepole, hatimaye vikagongana na sikio likasikia sauti moja. Aliyejua ni mlio wa ngapi uliogongana alilijua kosa la saa yake hadi karibu sehemu moja ya 60 ya sekunde, kwa sikio tupu. Waliohitaji usahihi huo hasa ni wapimaji wa ardhi na wanaastronomia. Meli ilitosheka na nusu sekunde, na wengi baharini walitumia hata milio sita ya BBC iliyoanza Februari 1924. Tangu 1972 mlio wake wa mwisho ni mrefu, na saa kamili ni pale mlio huo unapoanza.

Leo, mwenye redio ya mawimbi mafupi anaweza kukitafuta kituo cha majira cha WWV, kule Fort Collins, Colorado, kwenye megahezi 2.5, 5, 10, 15 au 20. Masafa ni mengi kwa sababu mawimbi hayo hurudishwa duniani na tabaka la ionosfia, ambalo mchana huyarudisha vizuri ya juu na usiku ya chini. Kila sekunde ina tiki yake fupi mno, isipokuwa ya 29 na ya 59, ambazo huachwa kimya. Sauti ya mwanamume hutaja saa, kisha mlio mrefu kidogo unafungua dakika mpya. Kituo ndugu cha WWVH, kule Hawaii, hutumia sauti ya mwanamke, inayotangulia ile ya mwanamume ili zisipandiane. Safari ya mawimbi yenyewe haimsumbui nahodha: kilomita 3,000 huchukua sehemu moja tu ya 100 ya sekunde, sawa na mita 4 au 5 kwenye ramani.

Ukisikiliza kwa makini mwanzoni mwa dakika, baadhi ya tiki husikika mbili mbili. Hizo zimewekwa kwa ajili ya anayepima nyota. Saa za atomiki zina mwendo thabiti, ilhali dunia hujizungusha bila uthabiti huo, na nyota hufuata dunia. Tiki zilizorudufiwa humhesabia msikilizaji sehemu za kumi za sekunde anazopaswa kuongeza au kupunguza. Tangu 1972 tofauti hiyo imezuiwa isifike sekunde nzima kwa kuingiza sekunde za ziada. Ya mwisho iliingizwa mwishoni mwa 2016.

GPS nayo ni ishara ya majira: setilaiti hutaja saa, na kosa la sehemu moja ya milioni ya sekunde ni mita 300. Ni chombo kizuri sana, ila ishara yake ni dhaifu na huvurugwa kwa makusudi katika bahari zenye vita. Chuo cha wanamaji cha Marekani kule Annapolis, kilichokuwa kimeacha kufundisha upimaji wa nyota, kilirudisha somo hilo mwaka 2015. Miaka mitatu baadaye, pendekezo la bajeti ya serikali ya Marekani lilitaka WWV na WWVH zifungwe. Nashukuru halikupita, kwa sababu sekstanti isiyo na saa ya kuaminika haikupi longitudo.

Sasa kuna jambo jingine. Mwaka 2022 mkutano mkuu wa kimataifa wa vipimo uliamua kwamba, ifikapo 2035, tofauti kati ya saa za atomiki na mzunguko wa dunia iruhusiwe kupita sekunde moja. Mpango wa tiki mbili mbili una nafasi ya sehemu nane za kumi tu kila upande. Vituo vitalazimika kubuni namna mpya ya kumwambia nahodha tofauti hiyo, na naomba ibaki namna inayosikika kwa masikio, kwa redio ndogo ya betri.