Hofu Isiwe Hakimu

Mwezi wa Oktoba, mwaka 2016, watumishi watatu wa Kituo cha Utafiti wa Kilimo cha Selian, Arusha, waliuawa katika kijiji cha Iringa Mvumi, wilaya ya Chamwino, mkoani Dodoma. Wawili walikuwa watafiti, wa tatu alikuwa dereva wao. Walikwenda kuchunguza udongo, kazi ambayo faida yake humrudia mkulima mwenyewe. Lakini uvumi ulikuwa umekwisha kuenea kwamba wanyonya damu wameingia. Watu wakakusanyika, wakawaua, na gari lao wakalichoma moto.

Twalikumbusha jambo hili si kwa nia ya kukitia aibu kijiji kimoja, bali kwa sababu lililotokea pale laweza kutokea po pote penye watu, mjini na shamba, kiwandani na bandarini. Waliokuwapo siku ile walikuwa wakulima na wazazi, watu ambao siku nyingine wangempa mgeni maji ya kunywa. Basi ni kitu gani kilichowageuza?

Wataalamu wa mwili wametueleza mengi. Mwaka 1915 Walter Cannon, wa Chuo Kikuu cha Harvard huko Marekani, alieleza jinsi mwili unavyojiweka tayari kupigana au kukimbia uonapo hatari. Tezi zilizo juu ya figo humwaga adrenalini katika damu. Moyo hupiga mbio, pumzi huenda kasi, na misuli hupata nguvu. Uchunguzi wa baadaye umeonyesha kwamba ndani ya ubongo mna sehemu ndogo mfano wa lozi, nayo huweza kupiga mbiu ya hatari kabla ile sehemu ya mbele, ambayo kazi yake ni kupima na kuamua, haijamaliza kupima. Wahenga walilijua hilo bila darubini: aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Kushtuka si kosa. Ndiko kulikowaokoa babu zetu na simba. Kosa ni kuendelea kuupiga ung'ongo, na kumkataza mwenzako asilete taa.

Nao uvumi huu wa damu una historia ndefu. Mumiani, kwa asili, ni jina la dawa nyeusi kama utomvu, iliyosemwa kuwa yatoka Uajemi. Kamusi ya Kiswahili na Kiingereza ya Frederick Johnson, iliyotoka mwaka 1939, yaeleza kwamba watu wengi waliamini dawa hiyo ni damu ya binadamu iliyogandishwa, na kwamba uvumi ukizuka, watu wa mji mzima waliogopa kutoka nje baada ya jua kuchwa. Wakati wa ukoloni hofu hiyo ikawaangukia wazimamoto. Mwaka 1947 mjini Mombasa kituo cha zimamoto kilishambuliwa na watu kwa sababu hiyo hiyo.

Je, watu hao walikuwa wajinga? Sisi hatusemi hivyo. Serikali ya kikoloni ilitoza kodi kwa nguvu, ilipeleka watu kazini bila hiari yao, na aghalabu maganga wake walichoma sindano na kutoa damu bila kumweleza mtu sababu. Mtu aliyezoea kunyang'anywa jasho lake hakuona ajabu kuambiwa kwamba sasa yatakiwa damu yake. Hofu ilikuwa na mizizi. Ila matunda yake yalimwangukia asiyehusika.

Wala tusidhani kwamba ugonjwa huu ni wa watu wa shamba peke yao. Mwezi wa Machi, mwaka 1933, Rais Franklin Roosevelt alilazimika kuyafunga mabenki yote ya Marekani kwa siku kadhaa. Matajiri na wasomi walikuwa wamepanga foleni kutoa fedha zao, kila mmoja akihofu kwamba mwenzake atamtangulia. Yalikuwapo mabenki dhaifu kweli. Lakini hata benki nzima haiwezi kusimama ikiwa wote waliomo watataka fedha zao kwa siku moja. Hofu yenyewe ndiyo iliyoleta hasara iliyohofiwa.

Hali kadhalika mwaka 2017, uvumi wa wanyonya damu ulipozuka kusini mwa Malawi, watu kadhaa waliuawa, na Umoja wa Mataifa ukawaondoa watumishi wake katika baadhi ya wilaya. Hofu iliyodai kuwalinda maskini ikawafukuzia mbali waliokuja kuwasaidia.

Yatupasa basi kufanya nini? Kwanza, ye yote anayekwenda kuchukua damu, udongo au hesabu ya watu, sharti atanguliwe na maelezo. Mkutano uitishwe, kazi ielezwe kwa lugha inayofahamika, maswali yajibiwe. Mtaalamu anayeona maelezo ni kupoteza wakati humwachia mzushi nafasi ya kueleza badala yake. Siku hizi, simu za mkononi zikiwa katika kila mfuko, mzushi hahitaji hata kutembea.

Pili, anayeleta habari aulizwe: umeona mwenyewe, au umesikia? Umesikia kwa nani? Maswali hayo mawili huipa akili muda wa kuwahi.

Tatu, nalo ndilo gumu kuliko yote, tumheshimu mtu anayesema "tungojeni" katikati ya kundi lenye ghadhabu. Mara nyingi katika kundi hilo wamo wengi wenye shaka mioyoni mwao, lakini wananyamaza wasije wakaambiwa kuwa ni wenzake mshtakiwa. Hapo hofu ni mbili: ya mgeni na ya jirani. Hiyo ya pili ndiyo inayoua, maana ndiyo inayofunga vinywa vya wenye busara.

Mgeni asiyejulikana na apelekwe kwa mwenyekiti wa kijiji au polisi, aulizwe, aonyeshe barua yake, angojewe mpaka ukweli ujulikane. Nusu saa ya kungoja haimdhuru mtu. Akiwa mwovu, sheria ipo. Akiwa mwema, mmejiokoa nanyi pia. Lakini roho ikiisha kutolewa, hakuna baraza wala mahakama iwezayo kuirudisha.