X Imefungwa, Flashi Iko Wazi

Oya, shuka stendi ya Mikumi usiku, malori yamejipanga pembeni ya barabara kuu, madereva wanapiga nyama choma. Hapo hukosi kumkuta mshkaji mmoja na laptopu iliyochoka, meza ya mbao ndiyo ofisi. Unampa flashi na buku mbili, anakujazia singeli za kukufikisha Tunduma, sizoni za Kikorea, na muvi zilizotafsiriwa kwa ile staili iliyompa jina mtafsiri Lufufu. Hana leseni, hana saiti. Ukimtajia hakimiliki anacheka, anakuuliza kama na za injili akuwekee.

Sasa huyo ndiye mtu ambaye kufuli la serikali halimgusi.

Maana kufungia saiti ni mchezo wa njia. Ukiandika jina la saiti, simu yako inauliza mtandao: hii iko namba ngapi? TCRA, mamlaka ya mawasiliano, ikishatoa amri, kampuni ya simu inajibu uongo au inakausha. Wajanja wakibadili DNS, yaani pale pa kuulizia hiyo namba, mitambo inachungulia jina la saiti pale simu inaposalimiana na seva, kabla maongezi hayajawa siri. Likionekana jina lisilotakiwa, laini inakatwa. VPN inaficha hata hilo jina. Ndiyo maana Kanuni za Maudhui ya Mtandaoni za 2020 zikapiga marufuku ujanja wa kufikia kilichozuiwa, na Oktoba 2023 TCRA ikataka wanaotumia VPN wajitaje. Kitaani kwetu sijamwona aliyejitaja.

Flashi haipiti njia yoyote kati ya hizo. Inapita mfukoni.

Usidanganyike lakini, kufuli linafanya kazi. Uchaguzi wa Oktoba 2020, Twitter na WhatsApp zilizingua kinoma. Mei 20, 2025, akaunti ya X ya Jeshi la Polisi ikadukuliwa, na siku hiyohiyo X ikapotea hewani. Baadaye Waziri Jerry Silaa akasema ishu ni ponografia, haiendani na maadili yetu. Septemba jukwaa la JamiiForums likapigwa kufuli la siku 90. Oktoba 29, siku ya kupiga kura, intaneti ikazimwa nchi nzima mpaka Novemba 3. Siku zile hakuna aliyekuwa anawaza muvi. Watu walikuwa wanataka kujua tu kama ndugu zao wako hai kwenye zile ghasia za uchaguzi.

Pitia tena matukio hayo, mwanangu. Hakuna hata moja lililotokea kwa sababu mtu kaiba ngoma ya msanii.

Na siyo kwamba sheria hakuna. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ipo tangu 1999. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 ina kifungu cha wizi wa kazi za watu: ukifanya bila biashara faini inaanzia milioni 5, ukifanya kibiashara inaanzia milioni 20, na jela imo. Zile Kanuni za 2020 nazo zimeuweka ulinzi wa hakimiliki kwenye jedwali moja na matusi, uchochezi na uongo. Rungu ni lilelile, ila linajua pa kutua.

Wakenya angalau ishu hiyo waliipeleka kortini. Mwaka 2022 Mahakama Kuu ya Nairobi iliamuru kampuni za intaneti Safaricom na Jamii Telecommunications zifunge saiti 44 zilizokuwa zinarusha mechi za wizi, baada ya MultiChoice kulalamika. Pale ukitaka kubisha, kuna jaji wa kubisha mbele yake. Naipenda hiyo, hata kama mabuda wa Eastlands walihamia saiti nyingine bila stress.

Huku kwetu kuna kitu kinachekesha. Mikumi ilishampeleka bungeni Professor Jay, rapa wa "Machozi, Jasho na Damu", akakaa mjengoni 2015 mpaka 2020 kwa tiketi ya Chadema. Miezi michache baada ya kuapishwa, matangazo laivu ya Bunge yakakatwa, na akaja kukosa kiti kwenye uchaguzi uleule wa Twitter kuzingua. Jirani hapo, jimbo la Kilosa, mbunge wao Profesa Kabudi akapewa Wizara ya Habari, Utamaduni, Sanaa na Michezo Desemba 2024, wizara yenye Ofisi ya Hakimiliki (COSOTA) ndani yake. Wilaya moja imetoa rapa na bosi wa hakimiliki, na flashi bado zinajazwa kama kawa.

Kwa mtazamo wangu serikali yenyewe ilishakubali kwamba kunakili hakuzuiliki. Ushahidi ni Sheria ya Fedha ya 2023, iliyoleta tozo ya hakimiliki ya asilimia 1.5 kwenye vifaa vinavyoweza kunakili au kuhifadhi kazi za wasanii. Yaani hakukamatwi mtu, mkwanja unachukuliwa kifaa kinapoingia nchini, halafu wasanii wagawiwe. Mimi naiona fresh kuliko kufuli, kwa sababu haimzimii mtu sauti. Noma iko kwenye mgao. Januari 2022, kabla ya tozo hii, COSOTA iligawa mirabaha ya milioni 312 kwa wasanii 1,123. Piga hesabu: wastani haufiki hata laki tatu kwa kichwa. Hapo hata albamu hujarekodi studio.

Na walau hao walikuwa wamesajili kazi zao. Dogo wa Kidodi au Kimamba mwenye pini mbili kali, zinapigwa kila bajaji ya Kilosa, asipokuwa kwenye daftari la Ofisi ya Hakimiliki hamna hesabu itakayomfikia, hata tozo ipande mpaka asilimia 10. Kujisajili kunafanyika mtandaoni siku hizi. Kama mtandao upo, lakini.