Jahazi Gadini katika Delta ya Rufiji

Wengi wetu wakulima wa karafuu hatuna vyombo, lakini tunavitegemea. Nililijua hilo msimu mmoja, magunia yangu matatu ya karafuu kavu yalipolowa katika mashua kwa uwazi wa ubao usiofika upana wa ukucha. Karafuu ikavunda, ikashushwa daraja, na khasara yake, ndugu mwanachama, waijua. Tangu hapo huuliza kwanza: chombo hiki kilipandishwa pwani lini?

Mafunzo niliyapata Rufiji, nilikokwenda kwa shughuli za nazi, upande wa Nyamisati katika Wilaya ya Kibiti. Huko mto hugawika mikono mingi katikati ya msitu wa mikoko ulio mkubwa kuliko wowote wa pwani ya Tanzania bara. Vyombo vya Unguja, vya Arabuni na vya Ghuba vilikuwa vikienda huko kupakia boriti, ambazo siku hizi hazikatwi bila kibali. Mwaka 1939 Mwaustralia Alan Villiers alifika huko ndani ya jahazi la Kuwait, akaandika kitabu. Wazee wetu watakumbuka pia khabari ya manowari ya Kijerumani Königsberg. Tarehe 20 Septemba 1914 iliizamisha Pegasus ya Waingereza, iliyokuwa bandarini Unguja ikitengenezwa mashine zake. Kisha yenyewe ikaharibikiwa, ikajificha Rufiji, na vipande vya mashine yake vikapelekwa nchi kavu hadi Dar es Salaam kutengenezwa. Ilizama mtoni humo tarehe 11 Julai 1915.

Turudi kwenye jahazi. Nahodha wetu, mtu mzima, alipotaka kulipandisha aliniuliza, "Mwanangu, leo mwezi ngapi?"

"Kumi na tatu, mzee."

"Basi ndiyo siku yake. Tukingoja kumi na saba tutakaa hapa mpaka mwezi mwandamo."

Maana yake ni hii. Bamvua hupanda kila siku kidogo zaidi mpaka siku mbili hivi baada ya mbalamwezi, kisha hupungua. Anayepandisha chombo kabla ya kilele, maji ya kesho yatamwelesha. Anayepandisha kileleni, maji ya kesho hayamfikii, naye hungoja yapata wiki mbili. Tena katika siku hizo maji ya pwani yetu hupwa asubuhi, kwa hiyo fundi hupata mwanga wa kutosha.

Mahali nako huchaguliwa. Matope ya mikokoni hayafai, kwani gadi huzama na chombo hulala ubavu. Tulitafuta mchanga mgumu, tukatia gadi pande zote mbili, na kazi ikaanza maji yalipoacha mkuku.

Kwanza vijana walikwangua chaza na majani. Kisha makuti makavu yakawashwa chini ya mbao, moto mwepesi ukipitishwa upesi, ili kumuua mdudu atoboaye mbao. Mdudu huyo hutoboa tundu dogo nje, lakini ndani hula ubao mpaka ukawa kama sega la nyuki. Nahodha alisema kulaza chombo juu ya mto, penye maji baridi, humdhoofisha, na hilo ni kweli. Lakini maji hayo hayo baridi, khasa ya mvua, yakituama ngamani huozesha mataruma. Ndiyo maana kila asubuhi yalifuliwa maji hata kama ni kidogo.

Baadaye fundi alipita na patasi na nyundo, akiitoa kalafati iliyochakaa na kushindilia pamba mpya iliyosokotwa na kulowekwa mafuta. Alisikiliza mlio: ubao mzima hulia, uliooza hunyamaza. Mmoja ulinyamaza, ukang'olewa. Nahodha alikunja uso kwa gharama, lakini hakubisha. Mwisho ilipakwa deheni, shahamu iliyochanganywa na chokaa, kwa viganja vitupu, na juu ya maji ikapakwa sifa ya papa. Harufu yake sitaieleza.

Siku ya pili tuliligeuzia ubavu wa pili. Siku ya tatu, magharibi, likaelea. Nahodha hakunipa salamu ya heri bali taa, akaniambia nishuke ngamani nikaone mwenyewe. Palikuwa pakavu, isipokuwa chini ya mlingoti, kadiri ya kikombe kimoja. Tukaanza kupakia nazi.