Je, Wajua? Injini kubwa, nafasi ileile
Injini ya L28 ya Datsun 280Z hukaa palepale ilipokaa L24 ya 240Z, gari lililoshinda Safari Rally mwaka 1971 na 1973. Hakuna kukata chuma. Zote zina silinda 6, ila L28 ina sentimita za ujazo 2,753 dhidi ya 2,393.

Ukinunua L28 iliyotumika na muuzaji akiapa kuwa ni nzima, pima kompresheni. Silinda ikionekana dhaifu, tia kijiko cha oili kwenye tundu la plagi, upime tena. Kipimo kikipanda, ringi za pistoni zimechoka. Kisipopanda, shuku valvu au gasketi ya hedi.

Oili yenye rangi ya chai ya maziwa? Iache injini hiyo hapohapo.

Na soma namba iliyogongwa kwenye bloku kabla ya kulipa: kwa nje, L24 na L28 ni mapacha.