Kimea, Ukakasi na Moshi: Kueleza Ladha za Wiski ya Nafaka ya Japani kwa Msomaji wa Handeni na Korogwe

Makala haya yanajadili namna ya kueleza kwa Kiswahili ladha za wiski ya nafaka, kwa kutumia maneno ambayo msomaji wa Handeni na Korogwe anayo tayari. Mfano uliochaguliwa ni The Chita, wiski ambayo kampuni ya Suntory iliingiza sokoni mwaka 2015. Kiwanda chake kilianzishwa mwaka 1972 katika rasi ya Chita, jirani na Nagoya.

Hoja inayotetewa hapa ni kwamba tatizo la mfasiri si uhaba wa maneno. Malighafi kuu ya wiski hiyo ni mahindi, zao lililozoeleka Handeni. Mpishi wa togwa hupika uji wa mahindi, huuacha uwe vuguvugu, kisha hutia kimea, yaani unga wa nafaka iliyooteshwa na kuanikwa, mara nyingi ulezi au mtama. Uji mzito hulegea na kupata utamu pasipo sukari, kwa kuwa vimeng'enya vya kimea huvunja wanga. Kazi hiyohiyo katika wiski ya nafaka hufanywa na kimea cha shayiri. Kutohoa neno jingine hapo ni kumnyima msomaji anachokijua.

Baada ya kuchachushwa, kileo hukenekwa katika minara. Chita hutumia minara miwili kupata kileo kizito, mitatu kwa cha wastani na minne kwa chepesi. Baadaye wiski hizo huchanganywa, zikiwa zimekomazwa katika mapipa ya mwaloni yaliyowahi kuhifadhi bourbon, sherry au divai. Utamu wa vanila hutokana zaidi na mapipa kuliko mahindi. Mti huohuo huacha pia hali inayokamata ulimi, na kwa hiyo "ukakasi", tunaoujua kwenye ndizi mbichi na bibo, unafaa kuliko "ukavu", ambao ni Kiingereza kilichovishwa kanzu.

Neno la hatari ni "moshi". Sheria ya mwaka 1966 ya Tanzania hulitumia kutaja pombe ambayo mitaani huitwa gongo. Msomaji wa Korogwe akiambiwa wiski fulani ina ladha ya moshi, anaweza kuifananisha na kinywaji kisichopimwa, ambacho huweza kupofusha au kuua. The Chita haina sifa hiyo, lakini zipo wiski ambazo kimea chake hukaushwa kwa moshi. Kwa hizo, mtafiti alifikiria "kufukizwa", akaliacha kwa sababu linanukia udi. Linalopendekezwa ni "harufu ya jiko la kuni".